Meza ya Madame Yun

Kinshasa, tarehe 16 mwezi wa pili 1986

Papa,

Naanza na muguu wako, kwa sababu najua usipoulizwa hutausema. Kaka Aubin anakupeleka kwa infirmier kila juma kuutia dawa kama alivyoahidi? Na bibi yake, mimba inaendelea namna gani? Mimi niko. Joto limetukalia tangu Noël, maji ya robinet yanakuja siku mbili kwa juma, na kule bureau napiga mashine ya kuandika tangu asubuhi paka vidole vinakufa ganzi. Jioni nikifika nyumbani navua viatu, nakaa juu ya kitanda, na nguvu ya kuwasha makala ya kupikia sina. Uliniuliza juu ya muchumba wangu Modeste, kama atakuja kujionyesha kwako mwaka huu. Tutaongea siku ingine.

Maharagwe uliyotuma na mama Athanasie niliyapata, na ndiyo yalinifikisha kwa habari ya leo. Unajua Athanasie anashusha mizigo yake ya Goma ndani ya depo moja karibu na soko: viazi, maharagwe, shu, zile kabichi za kwetu. Jumamosi nilipokwenda kuchukua kiloba changu, nilikuta mama mumoja mufupi, nilidhani Muchina, amepiga magoti mbele ya shu. Anachukua moja, anaigonga na kidole, anaitegea sikio. Halafu akamwambia Athanasie kwa Kiswahili, Papa, Kiswahili cha wachungaji wa Masisi: "Hizi hazina maji mingi. Nipatie zote. Na zile umeficha kule nyuma, nazo lete."

Hapa kila mutu anasema Lingala. Nilicheka kwa sauti. Mama yule akageuka, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Goma. Baba yako ni nani? Nikasema Léopold, wa huduma ya ng'ombe.

Shu ilimutoka mukononi. "Léopold infirmier wa ng'ombe? Ule mwenye kutembea haraka?"

Nikamwambia siku hizi hatembei haraka. Akanishika mikono yote mbili. Kumbe ni Madame Yun, bibi ya ule daktari Mukorea uliyezunguka naye milimani miaka mine mukichanja ng'ombe. Mimi nilikumbuka gari ya kijani tu, na bwana mwenye miwani aliyenipa bonbon ya kunyonya. Madame akasema: "Kesho unakula kwangu. Usikatae."

Papa, ana restora. Iko ndani ya nyumba ya kawaida, mutaa wa Wazungu, maandishi ya mulangoni sikuweza kuyasoma. Nilivaa pagne ya Mama, ile ya bluu. Alinikalisha kwenye meza yenye tundu katikati, nikadhani imeharibika, nikasogea kando ili nisimuaibishe. Kijana wa kazi akaleta makala ya moto akayamwaga ndani ya lile tundu. Halafu sahani zikaanza kuja, ndogo sawa za mutoto: majani, mizizi, samaki kidogo wakavu sawa ndakala, maharagwe yaliyoota. Nilihesabu kumi na tatu. Nikangoja wageni wengine. Hakukuja mutu. Zote zilikuwa zetu sisi wawili.

Wanakula na vijiti vya chuma. Nyama yangu ya kwanza iliponyoka ikaanguka ndani ya maji ya kunywa. Madame hakucheka. Alinipa kijiko, akasema bwana yake kule Masisi alishinda miezi sita akijiunguza vidole na bugali. Nyama inakatwa nyembamba sawa karatasi, inalala ndani ya sukari na kitunguu saumu, halafu unaichoma wewe mwenyewe pale mezani. Na ile shu ya Athanasie nilikutana nayo tena: wanailaza siku mingi ndani ya chumvi na pilipili paka inageuka kali. Harufu yake inakufukuza. Ukiisha kumeza, mukono unarudi wenyewe. Madame alisema hata kule Kibati alikuwa anaitengeneza na kuzika vyungu nyuma ya nyumba, na majirani walisema ni uchawi.

Nilikuwa nimechoka, Papa, na nadhani aliona. Akachukua jani la salade, akatia nyama, akatia wali, akafunga sawa kifurushi, akanitia kinywani kwa mukono wake. Tangu Mama alikufa, hakuna mutu alinilisha.

Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na mutoto wangu, analala vizuri kule? Baba yako aliniandikia kwamba ile maua ya njano ilifunguka."

Nikasema ndiyo. Papa, ni mutoto gani? Na maua gani? Hukuniambia kitu hata siku moja.

Nakungoja.
Lucie wako


Goma, tarehe 20 mwezi wa ine 1986

Lucie mutoto wangu,

Barua yako ilinifikia ningali hai, na wote wa nyumba wako. Bibi ya Aubin alizaa mutoto mwanamuke, wanataka kumuita jina la mama yako. Mimi nilisema wangoje kwanza. Mvua ilikuwa mingi, bati la upande wa jikoni liliruka na upepo, Aubin alilipigilia vibaya na sasa linalia usiku na muchana. Kikohozi kilipungua. Muguu ni ule ule. Samaki wadogo sambaza wamejaa soko la Kituku mwezi huu, tunakula hao asubuhi na jioni paka ulimi umekufa.

Nakutumia kiloba kimoja cha maharagwe na kitambaa alichokushonea bibi ya Aubin.

Nilifurahi kusikia kwamba Madame Yun iko. Daktari alikuwa mutu muzuri. Hakupiga ng'ombe wala mutu. Mwambie Madame namusalimia, na kwamba kila kitu kiko salama.

Lakini usizoee kwenda kula kwa watu kila mara. Mutu akikulisha, anapata haki ya kukuuliza mambo.

Kuhusu Modeste hukunijibu.

Baba yako,
Léopold


Kinshasa, tarehe 29 mwezi wa sita 1986

Papa,

Nasalimia ule mutoto mudogo asiye na jina bado. Nasalimia Aubin, na umwambie bati linapigiliwa juu ya mbao, si juu ya hewa. Mimi nilikuwa na malaria juma mbili. Nilipona, lakini miguu ingali sawa ya mutu mwingine. Madame Yun alinitumia supu ndani ya thermos siku sita mufululizo, na siku ya saba akaja yeye mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu kimoja, akanieleza yote ambayo wewe ulipita kando.

Alisema wewe na Mama muliishi jirani naye kule Kibati wakati mimi nilikuwa kwa masista, pale kwenye kituo cha ng'ombe. Alisema alizaa Sunhi pale mwaka wa 1972, na mutoto akafa mwaka wa 1974, mwezi wa sita kama huu, koo lilijifunga kwa siku mbili tu, na daktari ambaye aliponyesha ndama elfu ngapi hakuweza kuponyesha wake. Alisema wewe na daktari mulichimba kaburi nyuma ya josho, pale ng'ombe walipokuwa wanaogeshwa dawa, bila musalaba na bila jina, kwa sababu kwao mutoto mudogo anazikwa hivyo. Walipohamia Kinshasa, mwaka wa 1976, daktari alikuambia neno moja tu: "Léopold, utuangalie mutoto." Na wewe uliahidi. Daktari alikufa hapa mwaka wa 1981. Watu wao walikuja kumuchukua, wakamupeleka kwao. Madame alikataa kuwafuata, juu hakutaka kuacha inchi ambayo mutoto iko ndani yake.

Anachunga barua zako ndani ya kopo la chai. Ziko tisa. Alinisomea kipande: "Nilipalilia, mbuzi hawafiki pale, maua imefunguka." Zote ni za mwezi wa kwanza. Yeye anadhani ni salamu zako za Bonane, za mwaka mupya. Mimi nilitazama tarehe, Papa. Ni tarehe kumi, mwaka kwa mwaka. Tarehe kumi ya mwezi wa kwanza ndiyo siku mulima wa moto ulipasuka. Ndiyo siku Mama alikufa.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili, kwa masista wa Bukavu, na masista walinizuia kurudi paka likizo kubwa. Nilipopita Kibati nakumbuka jiwe jeusi paka mwisho wa macho. Sikumbuki josho. Josho liko wapi?

Nakuuliza kwa sababu Madame anafunga restora mwisho wa mwaka. Kaka yake mukubwa anamuita nyumbani. Lakini kwanza anataka kuja Goma, kutoa mifupa ya mutoto na kuilaza karibu na baba yake. Ananiambia hivi huku ananitajia nguo atakazovaa.

Andika upesi.
Lucie


Kinshasa, tarehe 14 mwezi wa tisa 1986

Papa,

Nawasalimia wote. Mimi niko.

Athanasie ananiapia kwamba barua yangu aliitia mukononi mwako. Alisema uliisoma umesimama, ukaitia ndani ya mufuko wa koti, ukamuuliza kama Kinshasa kunanyesha.

Madame amekamata nafasi kwenye ndege. Atafika Goma Jumamosi, tarehe 22 ya mwezi wa kumi na moja. Alinunua sanduku dogo la mbao.

Sina kingine.
Lucie


Goma, tarehe 5 mwezi wa kumi 1986

Lucie mutoto wangu,

Kwanza ujue hakuna mugonjwa nyumbani, usiogope ukiona barua ni ndefu. Mutoto wa Aubin amepata meno. Mvua imerudi.

Nilianza barua hii mara ine. Mara ya kwanza niliandika juu ya shamba, mara ya pili juu ya muguu. Sasa naandika lenyewe.

Josho halipo. Nyumba ya daktari haipo. Jiwe limefunika vyote, na juu yake unaweza kusimamisha kanisa.

Mwaka ule wa mulima, 1977, sisi tulikuwa tumeishahamia Goma. Kila mwezi nilipanda Kibati kupalilia, kama nilivyoahidi. Ile juma nilikuwa Masisi, kulikuwa homa ya ng'ombe, nilitembea siku tano na begi ya dawa mugongoni. Nilirudi Jumapili jioni, vidole vya miguu vilikuwa vimevimba. Jumatatu asubuhi nilipaswa kwenda kwa mutoto wa daktari, maana mwezi uliopita sikufika. Mama yako akaniona navyojaribu kusimama. Akasema: "Lala. Nitakwenda mimi." Nikamwambia: "Philomène, leo nimechoka." Ni hayo tu nilimwambia. Alichukua jembe lake ndogo, akafunga kitambaa kichwani, akaondoka.

Saa ine mulima ulifunguka. Haukutoa onyo. Wewe unafikiri moto wa mulima unatembea polepole, watu wanaukimbia na vyombo vyao. Ule wa siku ile ulishuka sawa maji ya mvua. Nilipofika karibu na Kibati nilizuiwa na joto, kiatu kililainika chini ya muguu. Siku tatu nilizunguka. Jiwe lilikuwa lingali linapumua. Hakuna kitu kilichobaki cha kuzika.

Watu wakaniuliza alikuwa anatafuta nini Kibati. Nikasema alikwenda kununua viazi. Nilisema hivyo kwa polisi, kwa padri, kwa Aubin, kwako. Viazi ni kitu ambacho kila mwanamuke ananunua. Ningewaambia nini? Kwamba alikufa mahali pangu, kwa ajili ya kaburi la mutoto wa watu, sababu mimi nilitaka kulala?

Mwaka mumoja ukapita. Daktari akaandika kutoka Kinshasa, alikuwa amesikia habari ya mulima, akauliza kama kaburi lilipona. Hiyo siku ilikuwa tarehe kumi, nilikuwa nimekaa tangu asubuhi sina la kufanya na mikono yangu. Nikachukua kalamu nimwambie. Lakini kaburi na mama yako ni neno moja, ukisema la kwanza la pili linakuja. Nikaandika kwamba kaburi liko salama. Na nilipoandika hivyo, nakuambia ukweli, kwa saa moja lilikuwa salama. Niliona majani. Nilimuona mutu anayapalilia. Mwaka uliofuata niliandika tena bila kuulizwa. Ile maua niliipanda na kalamu.

Kibati sijarudi tangu zile siku tatu. Nikialikwa kwenye ndoa kule nasema ni muguu.

Sasa nimefika miaka sitini na moja na sina nguvu ya kubeba hii kitu paka uwanja wa ndege. Musomee Madame barua hii. Kama utaona haifai, ichome, nami nitamwambia mwenyewe akishuka.

Baba yako,
Léopold


Kinshasa, tarehe 27 mwezi wa kumi 1986

Papa,

Sitakuuliza habari leo. Utanisamehe.

Nilimusomea jana. Nilikwenda Jumapili muchana, nikakuta restora imefungwa kwa wateja. Alikuwa amepika supu ya majani ya baharini, nyeusi, inateleza ulimini. Alisema kwao mwanamuke akiisha kuzaa ndiyo wanamupa, na kila mwaka inapikwa siku ya kuzaliwa ya mutoto. Sunhi angetimiza miaka kumi na mine. Kumbe kila mwaka anaipika na kuikula peke yake, na mwaka huu aliniita mimi. Supu ilikuwa mbele yetu, makala yalikuwa yanawaka ndani ya meza. Ningekula kwanza? Nikatoa barua.

Kiswahili anakisikia vizuri kuliko anavyokisoma, basi nilisoma kwa sauti. Nilifika kwa "Philomène, leo nimechoka" nikasimama, yeye akasema, "Endelea." Nilisoma paka jina lako.

Madame akainua bakuli lake la maji akayamwaga juu ya makala, yote. Moshi ulijaa chumba. Ndani ya ule moshi akasema: "Miaka tisa. Nilikuwa nazungumza na ile maua." Akasema tena: "Nenda nyumbani, Lucie." Hakupaza sauti. Supu ilibaki pale, hakuna aliyeigusa.

Nilirudi kwa miguu, kilomita sijui ngapi.

Na mimi, Papa? Unaniuliza ni nini ndani yangu? Hukuniuliza, lakini nakuambia. Miaka tisa viazi vya Kibati sikuvitia kinywani. Athanasie ananiletea bure, nawapa majirani. Nilikuwa namukasirikia Mama, unasikia? Nilikuwa nasema: mwanamuke gani anaacha watoto wake wawili kwa kikapu cha viazi, na Kituku soko limejaa? Nilimukasirikia mutu ambaye alikwenda kukusaidia. Hiyo ndiyo umenifanyia. Kulala, hilo halina kosa. Kila mutu analala.

Modeste alioa mwingine, tangu mwezi wa pili. Niliona haya kukuandikia. Basi hata mimi nilikuwa napanda maua yangu.

Kama Madame atakuja Goma au hatakuja, sijui. Mulango wake umefungwa.

Lucie


Goma, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1986

Lucie wangu,

Barua yako niliisoma nimekaa, mara mbili, na sikuitia mufukoni. Nilimupa Aubin naye aisome, nikamuambia yaliyobaki. Alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba muda murefu. Aliporudi alisema, "Papa, kula." Ni hayo tu. Siku ya pili mutoto aliitwa Philomène.

Madame alikuja.

Jumamosi ile nilikwenda uwanja wa ndege nimevaa koti, na Aubin, aliyekuwa ameazima Toyota ya jirani. Nilifikiri hatashuka. Alishuka wa mwisho, mudogo kuliko navyomukumbuka, nywele nyeupe. Nikatoa kofia. Hakunisalimia. Alimupa Aubin kikapu kizito, akaingia mbele ya gari, akasema, "Kibati."

Tulipofika mahali pale pa kituo, nilishuka, muguu ukakataa. Miaka tisa, Lucie, na ni mwendo wa gari mufupi hivi. Jiwe limeanza kuota majani madogo sawa nywele za mutoto. Madame akatembea mbele, anajikwaa, anainuka. Halafu akasimama.

"Ni wapi?"

"Sijui, Madame. Pengine pale. Pengine hapa tunapokanyaga."

"Uliniandikia maua ilifunguka."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini njano?"

Hilo sikulitegemea. Nikasema: "Philomène alipenda njano."

Alinitazama paka nikainamisha kichwa. Nilingoja anitukane, nilitaka. Badala yake akamuita Aubin alete kikapu. Akatoa sufuria, akatoa makala, akatoa wavu wa chuma, akawasha moto juu ya jiwe lile, amechuchumaa, anapuliza. Upepo ulimushinda mara tatu. Mimi nikavua koti nikalishika kuzuia upepo. Ndiyo kazi niliyofanya. Akapasha supu yake nyeusi, akachoma nyama, akapanga sahani ndogo juu ya jiwe moja kwa moja. Ile shu kali ilikuwamo. Akaweka bakuli mbili mbali kidogo, moja ndogo na moja kubwa, na hizo hakuna aliyezigusa. Akainama paka paji la uso likafika chini. Mimi sikujua desturi, nikainama pia, na kuinuka nilihitaji mukono wa Aubin.

Halafu akaniambia, "Sasa kula."

Nilikula, Lucie. Vijiti vilinishinda, nilitumia vidole. Supu ina ladha ya kitu cha mbali, chumvi, sawa machozi ya mutu mwingine. Nilikula yote. Yeye alikula pia. Akasema kwamba ndani ya sanduku lake hakuna cha kutia, basi akaokota jiwe moja, dogo, akalifunga ndani ya leso. Akasema: "Mama ya Lucie alikuja kumuangalia wangu. Wewe utabaki kuwaangalia wote wawili. Lakini kwa miguu yako, Léopold. Bila karatasi." Nikasema ndiyo.

Moshi na harufu viliita watu wa Kibati. Watoto walikaa juu ya mawe wanatutazama. Akaja na muzee mwanamuke mumoja, Ernestine, sikumufahamu. Akauliza tunafanya nini. Aubin, si mimi, Aubin akamueleza: mama yetu alifia hapa mwaka wa 1977, alikuwa amekuja kupalilia.

Ule mwanamuke akasema: "Mwenye jembe ndogo? Yule wa kitambaa cha kijani?"

Lucie, miaka tisa sikuuliza mutu hata mumoja wa Kibati. Na huyu alikuwa anakaa pale pale, ng'ambo ya njia, moto ulipita nyuma ya nyumba yake ukamuacha.

Alisema mama yako alipita kwake asubuhi ile kuomba maji. Kazi alikuwa ameimaliza, jembe lilikuwa na udongo. Wakakaa mulangoni wakazungumza, yeye akambembeleza angoje viazi viive, mama yako akakataa, akasema anarudi kuaga mutoto halafu anashuka nyumbani kabla ya jua kali. Alisema hakuwa na haraka, na hakuwa na hasira. Alisema alikuwa anacheka.

Nikamuuliza alikuwa anacheka juu ya nini.

"Juu ya bwana yake," akasema. "Alisema amemuacha amelala na viatu miguuni, na mudomo wazi, na kwamba hajaona mutu mwenye kulala muzuri hivyo."

Ni kweli, mutoto wangu. Nilikuwa nimelala na viatu.

Baba yako,
Léopold